Namba Iliyohama Bila Kukatika

Jumanne ya wiki iliyopita nilikuwa nimekaa stesheni ya Liverpool, hii ya huku kwetu Australia, nikisubiri treni iliyochelewa, simu ikalia mara moja mfukoni ikakatika. Nilitazama jina, nikaona ni mmoja wa akina mama wa zamu wa ile namba ya bure ya Waswahili, nami nikajua kuna msiba kabla sijapiga. Akina mama hao hawakupigii simu ya msiba moja kwa moja. Wanakubipu, wanakuacha, wanasubiri upige mwenyewe ukishaegesha gari, ukishaweka chini kisu cha jikoni au ukishatoka kwenye mashine ya kiwandani. Utaratibu huo aliuweka mwenzao mmoja aliyekuwa akisema kwamba habari nzito ina haki ya kumkuta mtu ameketi. Mimi nilikuwa nimeketi. Nikapiga, nikaambiwa kwamba aliyeuweka utaratibu huo ndiye aliyefariki, asubuhi ile, katika hospitali ya hapo hapo Liverpool, mwendo wa dakika chache kutoka benchi nililokalia. Nililia bila kujificha, na treni ilipokuja sikuipanda.

Sitamtaja jina. Wasomaji wa safu hii mnaijua desturi yangu, na yeye mwenyewe asingependa kutajwa, maana alikuwa mtu wa kazi, si mtu wa picha. Aliyemfahamu atamtambua. Alikuwa mama mfupi kutoka Bukavu, mwenye viatu vyeusi vya kuzuia kuteleza ambavyo hakuvivua hata kanisani, kwa sababu mara nyingi alitoka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee kule Mount Druitt alikokuwa akiwaogesha na kuwalisha watu wasiokumbuka jina lake hadi kesho yake. Juu ya sare ya kazi alijifunga kitenge, na ndani ya mkoba wake mlikuwa na simu mbili na daftari la shule lenye jalada la kijani. Hakuwa rafiki yangu wa kuingia na kutoka. Tulijuana kwa ugomvi, na ugomvi wenyewe niliuanza mimi, katika safu hii hii.

Wale mliokuwa mkinisoma wakati ule mtakumbuka, na kama mmesahau nitashukuru. Niliandika makala ya kuwacheka watu wetu wanaobipu namba ya bure. Namba yenyewe ilikuwa ya shirika dogo la kupokea wageni pale Fairfield, moja ya zile zinazoanza na 1800, ambazo mpigaji halipi kitu popote alipo katika nchi hii, anayelipa ni anayepokea. Shirika liliifungua ili mtu aliyefika jana kutoka kambi ya wakimbizi apate wa kumuuliza kwa Kiswahili: barua hii inasema nini, basi la hospitali ni lipi, mtoto aandikishwe shule gani. Nami nilikuwa nimesikia kwamba watu wanaipiga, inalia mara moja, wanakata na kusubiri wapigiwe. Nikaona nimepata kichekesho. Niliandika kwamba kubipu namba ya bure ni sawa na kualikwa harusini ukaenda na pilau lako kwenye kontena. Watu walicheka sana, wakaisambaza makala ile kwenye makundi ya WhatsApp kutoka hapa hadi Perth, na mimi nikatembea kifua mbele siku tatu nzima.

Siku ya nne simu yangu ikalia mara moja ikakatika. Namba ngeni. Nikaipuuza. Kesho yake saa ile ile ikalia tena mara moja, na keshokutwa vilevile. Siku ya tatu niliona inanichokoza, nikapiga kwa hasira, nikapokewa na sauti tulivu kuliko sauti zote nilizowahi kuzisikia kwenye simu, kwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho ‘njo’ ni ‘ndiyo’ na ‘juu’ ni ‘kwa sababu’.

“Allo, Papa mwandishi. Niko nakubipe siku tatu. Juu ya nini ulikuwa haupige?”

“Sikujua ni nani, Mama.”

“Njo ile nilikuwa nataka uone. Mutu anakubipe, haumujue, unamuacha. Halafu unaandika mu gazeti eti bale bazee ni bajinga. Bao banabipe juu banajua mutu wa maana akiona beep anarudisha. Weye njo hukurudisha.”

Nilijaribu kujitetea kwamba ulikuwa utani tu. Akaniuliza kama ninajua makala yangu iko wapi saa hizi. Nikasema iko kwenye simu za watu. Akasema hapana, iko Fairfield, kwenye ofisi ambako yeye hujitolea kurudisha simu, imetafsiriwa kwa Kiingereza, imebanwa kwenye faili la kuifunga namba. Aliniambia niende Jumatano saa nne, nisichelewe, kisha akaaga vizuri kana kwamba hatukuwa na neno, maana saa ya mapumziko yake ilikuwa imekwisha na kuna bibi alikuwa akimsubiri kwenye kiti cha magurudumu.

Nilikwenda. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mboga, na meneja wa shirika alikuwa mama wa Kiaustralia mstaarabu ambaye alitukaribisha chai na kutuonyesha karatasi. Sikuona ubaya kwa mama yule hata kidogo. Alikuwa na orodha ya simu zilizoingia, kila moja na urefu wake, na karibu ukurasa mzima ulikuwa sekunde moja, sekunde mbili, sekunde moja. Kwa utaalamu wake hizo ni simu za makosa, au simu zilizotelekezwa na watu waliokata tamaa. Na kama namba haitumiki, basi ni upotevu kuiweka. Shirika lilikuwa karibu kumezwa na shirika kubwa lenye namba yake, ile ya bonyeza moja, bonyeza mbili, na mkataba na kampuni ya simu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi. Chini ya orodha ile, kwenye faili, niliiona makala yangu. Picha yangu ilikuwa inatabasamu.

Lazima niseme wazi ni nini kilikuwa hatarini, maana mtu asiyeishi maisha haya anaweza kudhani ni tarakimu tu. Wazee wetu wengi hawasomi. Namba ile waliipata kwa kuimba. Akina mama wa kwaya waliitia kwenye mdundo wa pambio, tarakimu baada ya tarakimu, wakawafundisha wageni kila Jumapili baada ya ibada, na mtu akishaijua hivyo haimtoki. Kulikuwa na watu Toowoomba na Darwin wasiojua namba nyingine yoyote ya nchi hii zaidi ya ile. Namba ikifungwa, haifi ikazikwa. Hurudishwa kwa mamlaka ya namba, hupumzishwa kwa muda, kisha hupewa mwombaji mwingine. Siku moja bibi wa Toowoomba ataimba pambio lake, atabonyeza, na atapokewa na muuza magodoro.

Yule mama wa Bukavu hakubishana. Aliomba simu ya mezani ya ofisi iwekwe sauti ya wazi, akaivuta ile orodha ya sekunde moja moja, akaweka kidole kwenye mstari wa juu kabisa, simu ya saa tatu asubuhi ile, na akapiga. Mimi nilikuwa mkalimani. Ikalia, ikapokewa na mzee aliyekuwa akitafuna kitu.

“Allo Papa, ulibipe?”

“Eee Mama. Nilijua utapiga.”

Alitaka kujua kama dawa mpya ya presha inanywewa pamoja na ya zamani au badala yake. Wa pili alisema hivyo hivyo, nilijua utapiga, na wa tatu. Hakuna hata mmoja aliyekosea namba. Meneja alikuwa ameacha kuandika. Wa tano alikuwa mama kijana wa Mount Druitt, na huyo hakusubiri hata tumsalimu. Alikuwa amebipu siku mbili, lakini zile siku mbili ofisi ilikuwa imeamriwa isihangaike na simu za sekunde moja. Alikuwa na barua ya hospitali kuhusu mwanawe wa miaka mitatu. Tukamwambia aipige picha aitume kwenye simu ya mkononi ya yule mama wa Bukavu, na meneja akaisoma mwenyewe kwa miwani yake. Upasuaji kesho asubuhi. Mtoto asile chochote tangu usiku wa manane, asinywe hata maziwa. Nilipomtafsiria mama kijana, alisema, “Nilipanga kumpikia uji muzito alfajiri, apate nguvu.” Niliyatafsiri maneno hayo kwa Kiingereza na nikaona uso wa meneja unabadilika. Mimi mwenyewe nilijisikia aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Hapo ndipo meneja alisema kwa uchungu wa kweli kwamba sasa ameelewa, lakini amechelewa. Mkataba unaisha, kampuni ya simu itaondoka na namba yake. Yule mama akacheka. Si kicheko cha dharau, ni kile cha mtu aliyeulizwa swali analolijua vizuri kuliko yote. Ni hapo nilipojifunza kwamba kabla ya vita, kabla ya kambi, kabla ya viatu vyeusi, alikuwa opereta wa simu posta ya Bukavu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu, kila tundu na waya wake, akiwaunganisha watu wa Bukavu na Goma, Kisangani na Kinshasa. Katika nchi hii alijaza fomu za kazi nyingi, na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya ubao ule. Walimuuliza kama anaweza kuinua kilo kumi na tano.

“Namba ya bure haina nyumba,” alimwambia meneja kwa Kiingereza chake cha kukatikakatika, nami nikimalizia. “Iko jina tu. Chini yake kuko namba ya kweli.” Kisha akatueleza, na sijapata kuelezwa jambo la mashine kwa usafi kama ule. Mtu wa Darwin akipiga, kampuni ya simu yake haijui sisi tuko wapi. Inachungulia kwenye rejesta moja ambayo kampuni zote zinaisoma, inauliza namba hii imebebwa na nani. Inaambiwa na kampuni fulani. Inaikabidhi simu kwa kampuni hiyo. Nayo hiyo inatazama kwake: tumeambiwa tuielekeze wapi, kwenye simu gani, saa gani? Ndipo inalia hapa Fairfield. Simu haiendi yenyewe, inapokezanwa mkono kwa mkono, kama ndoo za maji wakati wa moto. Na kampuni haimiliki namba, inaibeba tu. Anayepewa na mamlaka haki ya kuitumia ndiye mwenyewe, na mwenyewe anaweza kumpa mwingine haki hiyo, au kuihamisha namba kutoka kampuni moja hadi nyingine huku ikiendelea kulia.

Alijuaje? Alikuwa amepiga. Kila mapumziko ya chakula kwa wiki kadhaa alizipigia kampuni za simu moja moja, akakaa kwenye foleni akisikiliza muziki wao, akauliza swali lile lile mpaka akampata mtu aliyelijua jibu, na jibu akaliandika kwenye daftari la kijani. Mtu wa kampuni moja, alituambia, alimuuliza kama yeye ni mhandisi. Alimjibu kwamba yeye ni opereta.

Meneja alisema basi itabidi aisitishe kwanza huduma ya zamani, barua ameshaiandaa, ataituma mchana ule, kisha tuanze maombi mapya. Ni mwenendo wa mtu nadhifu, anayefunga mlango mmoja kabla ya kufungua mwingine. Yule mama aliinuka kwenye kiti. Ndiyo mara pekee niliyomwona akipandisha sauti.

“Hapana. Usikate. Kule posta tulikuwa nachomeka waya mupya kwanza, njo unachomoa ya zamani. Ukichomoa mbele, mutu anabaki nazungumuza na upepo.”

Namba iliyokatwa haihamishiki, maana haipo tena mikononi mwa mtu. Barua ile ingetumwa saa nane mchana. Meneja aliifuta pale pale mbele yetu, na sisi tukashuka ngazi tukiwa na siku kumi na nane hadi mwisho wa mwezi.

Mpango ulikuwa na hatua mbili. Kwanza shirika likabidhi haki ya namba kwa chama cha akina mama wa kwaya, ambacho kwa bahati kilikuwa kimesajiliwa kwa ajili ya kukodi ukumbi. Kisha chama, kikiwa mwenyewe, kiombe kampuni mpya iichukue namba kutoka kwa ile ya zamani na kuielekeza kwenye simu za mkononi za wanaojitolea, kila saa na mtu wake. Nikajitolea kujaza fomu. Nilitaka kufuta aibu yangu, na pia, niseme kweli, nilijiona ndiye msomi. Nikazijaza zote mbili jioni moja kwa mwandiko mzuri, nikazituma kwa pamoja, na kwenye ile ya kuhama nikaandika jina la chama kama mwenye namba wakati kwenye rejesta mwenye namba bado alikuwa shirika. Baada ya siku nane ilirudi imekataliwa, pamoja na ile ya kukabidhi haki. Nilimpigia yule mama kumweleza.

“Papa,” alisema, “gazeti yako banakuacha uandike weye peke yako?”

Akazichukua fomu. Alizijaza kwa herufi kubwa ndani ya treni ya kutoka Mount Druitt, moja leo, nyingine baada ya ile ya kwanza kukubaliwa, hatua kwa hatua kama alivyosema tangu mwanzo. Nilimwona mara moja akiwa amelalia mkoba wake safarini, kalamu mkononi. Sikumwamsha.

Siku ya kuhama ilikuwa Alhamisi, na hakuna aliyeweza kutuambia ni dakika gani. Asubuhi tulikutana kwenye ukumbi wa kanisa Fairfield, akina mama wa kwaya na mimi. Simu mpya iliwekwa mezani juu ya kitambaa cheupe. Meneja, ambaye siku hiyo hakulazimika kufanya lolote, alikaa ofisini kwake mbele ya simu ya zamani ili atuambie simu zinaangukia upande gani. Kisha bibi mkubwa kuliko wote, yule aliyelitunga pambio la namba, akapewa kazi anayoiweza kuliko wote: kubipu kila baada ya dakika chache. Aliimba kwa sauti ya chini, akabonyeza, akasikiliza mlio mmoja, akakata. Ujumbe ukaja kutoka kwa meneja: bado iko kwangu. Bibi akaimba tena. Bado iko kwangu. Chai ikaletwa, maandazi yakaliwa, bibi akaendelea. Nilihesabu mapambio mpaka nikachoka. Bado iko kwangu. Halafu bibi akabipu, na simu ya mezani, ile ya kitambaa cheupe, ikalia mara moja mbele ya macho yetu ikakatika.

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, meza zikapigwa ngoma, na mama mmoja mnene akanikumbatia hadi miguu ikaacha sakafu. Katikati ya kelele zile mama wa Bukavu hakupiga kigelegele. Alivuta kiti, akaketi, akafungua daftari la kijani, akaichukua simu na kurudisha. Simu ya bibi ikalia. Bibi alikuwa amekaa viti viwili tu kutoka kwake, magoti yao yanakaribia kugusana.

“Allo Mama, ulibipe?”

“Eee,” bibi akasema kwenye simu, machozi yanamtiririka. “Nilijua utapiga.”

Wakazungumza hivyo kwa simu, uso kwa uso, dakika nzima, wakiulizana hali za watoto. Nimehudhuria sherehe nyingi katika mji huu, za uraia, za mahafali, za harusi. Sijaona ushindi mwingine ulionijaza furaha kama ule. Na uzuri wake mkubwa ni kwamba nje ya ukumbi ule hakuna aliyeujua. Mchana huo huo mtu wa Perth alibipu akarudishiwa, kama jana na kama juzi. Namba ilihama kutoka kampuni moja hadi nyingine, kutoka shirika hadi chama, kutoka mezani hadi mikobani, na hakuna mzee hata mmoja aliyesikia upepo.

Tangu siku hiyo nimefikiri sana juu ya kazi. Sisi tuliofika hapa tunapenda kuhesabu mafanikio kwa vitu vinavyoonekana, nyumba, gari, shahada ya mtoto ukutani. Kazi ya yule mama ilikuwa nzuri pale ambapo haionekani. Kila mtu huiona simu ikikatika, hakuna anayeiona isipokatika. Nafikiri pia juu ya wenzetu wangapi wanainua maboksi kwenye maghala ya mji huu huku vichwani mwao kuna ubao wenye matundu, na wanangoja mtu wa kuwauliza walikuwa nani kabla. Mimi, ninayejiita mwandishi wa watu wetu, nilikuwa nimeishi naye mji mmoja miaka mingi na sikumuuliza. Niliandika tu kichekesho. Yule meneja alitazama sekunde moja akaona kosa, nami nilitazama sekunde ile ile nikaona ujinga. Mama wa Bukavu aliona mtu amebisha hodi kwa adabu na kurudi nyuma hatua moja, akisubiri mlango ufunguliwe. Watu wetu kambini walizoea kwamba kitu cha bure kina foleni, kina kupigwa alama ya dole gumba na kina mtu wa kukukemea. Hawakuamini bure. Walimwamini mtu atakayerudisha, na kwa miaka yote ile mtu huyo alikuwepo.

Tulimzika Jumamosi. Sitaeleza mengi, ila kwamba kwaya haikuimba wimbo wa huzuni. Waliimba pambio la namba, tarakimu zote, mara tatu, kaburini, na mchungaji akaitikia. Yule meneja wa zamani alikuja, akaimba nao, na akaitamka vizuri. Nililia tena, lakini safari hii nilikuwa pia nafurahi, na sioni sababu ya kuomba radhi kwa hilo. Mtu aliyefanya kazi inayoendelea bila yeye ameshinda.

Baada ya chakula wakatoa rosta ya zamu. Kwenye mstari wa Alhamisi, saa nne hadi saa sita, lilikuwepo jina lake bado, na hakuna aliyetaka kulifuta. Niliomba zamu hiyo. Akina mama walitazamana, wakacheka, wakaniuliza kama nitaweza kujaza fomu. Kisha wakanipa masharti yake: rudisha kabla chai haijapoa, usimuulize mtu wewe ni nani kabla hujamuuliza ana shida gani, na usimfokee aliyebipu. Wakanikabidhi na daftari la kijani.

Alhamisi nilikaa mezani jikoni kwangu, simu mbele yangu, daftari limefunguliwa. Zamu ilipoanza tu akina mama waliielekeza namba kwangu. Dakika ishirini zikapita. Kisha ikalia mara moja, ikakatika. Nikaogopa, sijui kwa nini, nikarudisha haraka. Alikuwa mama mwenye sauti changa, aliyefika Mount Druitt wiki mbili zilizopita, hajui mtu. Nilimuuliza namba ameipata wapi. Akasema amefundishwa kuiimba Jumapili.

“Nilijua mutapiga,” akasema, kisha akasita. “Lakini niko na maneno mingi, Papa. Uko na nafasi?”

Mlionisoma nikiwacheka wanaobipu, somo langu ni fupi, na nimelipata kwa aliyenivumilia siku tatu. Simu ikilia mara moja ikakatika, kuna mtu amekuamini. Rudisha. Nilivuta kiti karibu na meza, nikashika kalamu.

“Sema, Mama,” nikamwambia. “Nimeketi.”